SOMO: JE, NIMSHITAKI JIRANI YANGU KWA POLISI?

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya somo: Walawi 19:16, 1 Samweli 22:6-19, Matendo ya Mitume 23:12-24, Mathayo 18:15-17, Hesabu 12:10-15.

Shabaha ya somo: Mkristo ajue ni wakati gani kunyamaza kunamwaga damu, na ni wakati gani kusema kunamwaga damu. Tena ajue neno lipelekwe kwa nani kwanza, na kwa nani mwisho.

UTANGULIZI



Swali la somo hili lilitusumbua sana mwaka wa 2020, lakini halikwisha na mwaka ule. Tarehe 10 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona katika nchi yetu alitangazwa kule Kinshasa. Tarehe 18 Machi Rais wa Jamhuri alikataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20, akafunga masomo, akafunga na nyumba za ibada. Tarehe 24 Machi alitangaza hali ya dharura katika nchi nzima. Milango ya makanisa ilingoja mpaka tarehe 15 Agosti 2020 ndipo ikafunguliwa tena. Na katika Desemba mwaka ule ule ilikuja amri ya kutotembea usiku, kuanzia saa tatu ya usiku mpaka saa kumi na moja ya asubuhi.

Katika amri za namna hii swali huingia katika kila avenu. Jirani anakusanya watu kwa matanga. Jirani anauza pombe kwa mlango wa nyuma. Jirani amepokea mgonjwa kutoka mbali na anamficha. Je, niende polisi? Wengine hujibu: amri ni amri, anayeona na kunyamaza ni mshiriki wa dhambi. Wengine hujibu: mkristo si mpelelezi, mambo ya nyumba ya mtu ni ya nyumba yake. Na kila upande una andiko lake.

Ndugu, swali hili litarudi. Mwaka wa 2023 namna mpya ya ugonjwa wa mpox ilionekana Kamituga, katika Mwenga, mji wa dhahabu ambako vijana wengi wa kwetu wanakwenda kutafuta maisha. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza ugonjwa ule kuwa hatari ya dunia nzima, na tangazo lile lilidumu mpaka tarehe 5 Septemba 2025. Katika Septemba ile ile ya 2025 Ebola ilitangazwa tena katika Kasai. Paa la nyumba hutengenezwa wakati wa kiangazi. Basi tujifunze sasa, wakati mioyo yetu imetulia.

I. AMRI MBILI KATIKA MSTARI MMOJA

Tufungue Walawi 19:16. Mstari huu ni mfupi, lakini una amri mbili. Ya kwanza inatukataza kuzunguka kati ya watu wetu tukichukua maneno ya masingizio. Ya pili inatukataza kusimama kinyume cha damu ya jirani, yaani kukaa tu wakati maisha yake yamo hatarini.

Angalieni, Mungu hakuweka amri hizi katika vitabu viwili tofauti. Alizifunga pamoja. Anayependa kushitaki hushika amri ya pili na kusahau ya kwanza. Anayependa kunyamaza hushika ya kwanza na kusahau ya pili. Mkristo hana ruhusa ya kuchagua moja.

Basi swali la kwanza la moyo lisiwe hili: je, jirani amevunja amri ya Serikali? Swali la kwanza ni hili: damu ya nani iko hatarini, na neno langu litaiokoa au litaiuza? Hiyo ndiyo mizani ya somo letu lote.

II. WATU WAWILI WALIOPELEKA HABARI

Biblia inatuonyesha watu wawili walioona jambo wakaenda kuliambia Serikali. Tuwapime.

Wa kwanza ni Doegi Mwedomi. Alikuwa Nobu siku Daudi alipofika kwa kuhani Ahimeleki, akaona kuhani anampa mkate na upanga wa Goliathi. Baadaye Sauli alipolalamika mbele ya watumishi wake, Doegi alisimama akasema aliyoyaona. Wapendwa, tusikie jambo hili vizuri: Doegi aliona kweli. Daudi alikuwa pale, mkate ulitolewa, upanga ulitolewa. Lakini hakusema kwamba kuhani alifanya yote bila kujua kuwa Daudi anamkimbia mfalme. Tena alijua moyo wa Sauli, alijua hasira yake, alijua anampa habari ile mtu wa namna gani. Makuhani 85 walikufa siku ile, na mji wa Nobu ukaangamizwa pamoja na wanawake na watoto.

Hapa tunajifunza kwamba haitoshi kusema: "Lakini nilichosema ni kweli." Kweli iliyotolewa nusu, ikawekwa katika mkono wenye hasira, inaua.

Wa pili ni kijana ambaye jina lake halikuandikwa, mwana wa dada ya Paulo. Alisikia kwamba watu zaidi ya 40 wameapa kutokula wala kunywa mpaka wamwue mjomba wake. Alifanya nini? Hakwenda sokoni kulisimulia. Alikwenda kwanza kwa Paulo mwenyewe. Paulo akamtuma kwa mkubwa wa askari. Mkubwa yule akamshika mkono, akamchukua kando, akamsikiliza, akamwagiza asimwambie mtu. Usiku ule Paulo alisindikizwa na askari, akapona.

Wote wawili walipeleka habari kwa wenye silaha. Mmoja aliua, mwingine aliokoa. Doegi alitafuta uso wa mfalme. Kijana alitafuta uzima wa mtu. Doegi alisema mbele ya watu wote. Kijana alisema kwa siri na kwa utaratibu. Doegi hakujali kitakachofuata. Kijana alisema kwa sababu ya kitakachofuata. Basi kabla hujatoka nyumbani kwenda kituo cha polisi, jiulize: mimi leo ni nani kati ya hawa wawili?

III. NENO LILE LILE, MIKONO MBALIMBALI

Mwaka wa 2020 swali hili halikuwa letu peke yetu. Katika Uingereza na katika New Zealand polisi walifungua kurasa za intaneti ambazo raia aliweza kuandika kwamba jirani amevunja amri ya kukaa nyumbani, na watu wengi waliandika. Kule aliyeshitakiwa mara nyingi alionywa au alilipishwa faini kwa karatasi.

Upande wetu wa Afrika mambo hayakuwa hivyo kila mahali. Katika Kenya amri ya kutotembea usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020. Siku ile ile kule Mombasa, kwenye kivuko cha Likoni, polisi waliwapiga watu waliokuwa wakingoja feri ili wafike nyumbani. Usiku wa tarehe 30 Machi, Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa amesimama kwenye baraza ya ghorofa ya nyumba yao alipigwa risasi akafa, wakati askari walikuwa wakisukuma watu barabarani. Katika Rwanda waliokamatwa usiku walikusanywa katika viwanja vya mpira wakakaa pale mpaka asubuhi. Kwetu, mjini Kinshasa, kuvaa kashene kulilazimishwa tangu tarehe 20 Aprili 2020 na amandi ilikuwa franka 5,000. Watu wengi walilalamika kwamba walilipa mikononi bila kupewa karatasi.

Sisemi haya ili tuwachukie polisi. Kati yao wamo ndugu zetu wa imani, wamo watoto wetu. Waroma 13 inatufundisha kwamba mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Lakini mtume aliandika "kwa mema". Kwa hiyo tuna haki ya kutazama kama mema ndiyo yanafanyika. Kumpeleka jirani katika mkono ambao utamponya mji ni jambo moja. Kumpeleka katika mkono ambao utachukua mbuzi wake, na ugonjwa ubaki palepale, ni jambo lingine. Na hapa kwetu ambako silaha ziko mikononi mwa watu wengi, mwenye hekima hapeleki jina la jirani kwa kila mwenye bunduki.

Kila mkristo ajue pia sheria mbili tatu. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 18, inasema anayekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoisikia. Tena inasema asikae katika kasho ya polisi kupita saa 48: aachiwe, au apelekwe mbele ya mwenye madaraka ya kuhukumu. Amandi inayolipwa bila karatasi si amandi, ni unyang'anyi. Sheria ya makosa ya nchi yetu inamwazibu anayemshitaki mwenzake kwa uongo, tena inamwazibu anayemwacha mtu katika hatari ya kufa huku ana uwezo wa kumsaidia. Mnaona, hata sheria ya Serikali ina pande mbili kama Walawi 19:16.

IV. NJIA YA KUFUATA

Bwana Yesu katika Mathayo 18 alitupa njia ya ngazi. Alisema juu ya ndugu aliyekosa, lakini ngazi zile zinatufaa hata kwa jirani asiye wa kanisa letu.

1. Hakikisha. Je, umeona kwa macho yako, au umesikia kisimani? Kumbukumbu la Torati 19:15 inadai mashahidi wawili au watatu. Mstari wa 19 unasema shahidi wa uongo atendewe yale aliyotaka mwenzake atendewe. Kikohozi si korona. Kipele si mpox kila mara. Mgeni si mgonjwa kwa sababu ametoka mbali.

2. Nenda kwake mwenyewe. Nenda peke yako, simama mbali kidogo kama ugonjwa unavyodai, mwite kwa heshima: Baba fulani, Mama fulani. Uliza kabla ya kulaumu. Huenda hajui amri. Redio haisikiki katika kila nyumba. Huenda anajua, lakini njaa inamtoa nje. Basi usiende na maneno matupu. Nenda na muhogo, na chumvi, na kopo la maji. Lawama inayofuatana na unga inasikilizwa.

3. Chukua wawili au watatu. Mzee wa kanisa, mama mwenye kusikilizwa, kapita wa kijiji, na zaidi ya wote yule reko, mjumbe wa afya wa kijiji chetu. Yeye amefundishwa kazi hii, na watu hawamwogopi kama wanavyoogopa mwenye bunduki.

4. Mjulishe muganga wa kituo cha afya. Walawi sura ya 13 inatuonyesha jambo ambalo wengi hawalioni: mtu mwenye alama ya ugonjwa hakupelekwa kwa askari. Alipelekwa kwa kuhani, akatazamwa, akawekwa kando siku saba, akatazamwa tena. Kazi ya ugonjwa ni ya mwenye kutazama ugonjwa. Muganga ataijulisha zoni ya afya, na zoni ya afya ndiyo yenye kujua kama sultani au Serikali waingie.

5. Mwisho, polisi. Fika hapa ikiwa mambo manne yako pamoja: maisha ya watu yako hatarini kweli, ngazi nyingine zimeshindwa au hakuna wakati wa kuzipitia, moyoni mwako hakuna kisasi wala faida, na uko tayari kusema kwa jina lako mwenyewe, si kwa barua isiyo na jina. Na kama unaweza, usiende peke yako: nenda na mzee.

Kuna jambo moja ambalo halingoji ngazi. Watu wanapofungiwa nyumbani, wengine wanafungiwa pamoja na anayewapiga. Ukisikia mtoto anaumizwa, au mama anapigwa mpaka anaomba msaada, usianze kuhesabu ngazi. Piga kelele, ita watu, ita kapita, ita polisi. Kunyamaza hapo ndiko kusimama kinyume cha damu.

V. TUPIME MAMBO YA KWETU

Mama wa soko. Tuseme soko limefungwa, lakini mama mmoja anatoka alfajiri na kikapu cha mihogo, anauza kwa siri nyuma ya nyumba. Ana watoto sita, mume amekufa. Amevunja amri? Ndiyo. Anakusanya watu mia? Hapana. Ukimpeleka polisi, watachukua kikapu, na usiku watoto sita watalala njaa. Huyu hastahili polisi; anastahili dikonia ya kanisa. Kama kanisa halikumpa kitu, kanisa lisimshitaki.

Mwenye nganda. Anafungua usiku, vijana wanajaa, wanakunywa lutuku katika kopo moja, wanarudi kulala na wazazi wao wazee. Hapa hatari ni ya wengi, na sababu si njaa tu, ni faida. Nenda kwake. Asiposikia, nendeni watatu na kapita. Asiposikia, sultani na zoni ya afya wajue. Ikifika polisi, ifike kwa njia hiyo, na mwenye nganda atakuwa ameonywa mara tatu. Hataweza kusema alivamiwa.

Wenye matanga. Hapa tuwe wapole sana. Mtu wa Maniema hazikwi na watu watano kama mbwa. Hilo ndilo linauma mioyo. Polisi akija kutawanya kilio, maumivu yataingia katika vizazi. Basi wazee waende mapema, kabla watu hawajajaa. Wapange: ndugu wa karibu wakae, wengine waje kwa zamu, wasishikane, nyimbo ziimbwe kila mtu kwake, na siku ya kumaliza matanga ya wote isogezwe mbele. Anayetoa njia kabla ya kosa ni bora kuliko anayeshitaki baada ya kosa.

Mgonjwa anayekimbia. Hili ndilo jambo zito kuliko yote. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini ilidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020. Ilishika watu 3,470, ikaua 2,287. Katika Julai 2019 mchungaji mmoja alikwenda Butembo kuhubiri, akaweka mikono juu ya wagonjwa, akaugua. Akapanda basi kwenda Goma, mji wa watu zaidi ya milioni moja, na katika vizuizi vya afya njiani alitoa majina tofauti. Tarehe 14 Julai ugonjwa wake ulijulikana Goma. Baada ya siku mbili alikuwa amekufa. Dereva na abiria wenzake walitafutwa, wakapewa chanjo.

Ndugu, hapa tutulie. Mtu yule alikuwa mtumishi wa Mungu. Kama ungekuwa abiria wa basi lile, ukajua, ungenyamaza kwa sababu ni mchungaji? Kunyamaza kule kungekuwa upendo kwake? Hapana. Kungemwacha bila dawa, na kungewaacha wenye basi lile bila chanjo. Kwa mgonjwa anayekimbia na ugonjwa wa kuua, sema upesi, sema kwa wahudumu wa afya, kwenye kizuizi cha kwanza. Huyo humshitaki, unamwokoa, unajiokoa, unaokoa na mji.

Lakini tusome pia upande wa pili wa Ebola ile. Mahali ambapo watu walikuja na magari na askari, wengi walikimbia porini na wagonjwa wao. Chuki ilikua mpaka tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya la Dunia, aliuawa kwa risasi katika hospitali kule Butembo. Mgonjwa akimwogopa jirani kwa sababu jirani huita askari, atajificha mbali zaidi, na ugonjwa utatembea gizani. Kwa hiyo hata kwa faida ya afya peke yake, polisi ni mlango wa mwisho.

Wenye kusali. Hili linatugusa. Mwaka wa 2020, sheria ilipofunga ibada, familia ya watu sita waliosali sebuleni hawakuwa hatari kwa mtu. Daniele alishitakiwa kwa sala ya dirishani mwake, na waliomshitaki walikuwa wenye wivu. Lakini mahali ambapo mtumishi anaita watu mia moja katika nyumba iliyofungwa madirisha, wagonjwa wakiwa katikati, akisema imani inatosha, hilo ni jambo lingine. Tusiwe wepesi kumshitaki mwenye nganda, tukawa wazito kwa mchungaji wetu. Ngazi ni zile zile: mwendee, chukua wazee, mpelekeni mbele ya wakubwa wa kanisa, na maisha ya watu yakiwa hatarini, muganga ajue. Kanisa linaloficha kosa lake kwa sababu ni lake, limepoteza kinywa cha kuonya mji.

VI. MOYO WA ANAYEPELEKA NENO

Kanisa za unabii katika Kongo zinajua uzito wa ulimi. Simon Kimbangu alikamatwa tarehe 12 Septemba 1921, akafa gerezani Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Kanisa lake lilipata ruhusa ya Serikali tarehe 24 Desemba 1959 tu. Katika miaka ile yote waaminifu walisali kwa siri, na neno moja la jirani liliweza kuipeleka familia nzima uhamishoni. Kisha, katika wakati wa Mobutu, tulijua tena jinsi mtu alivyoogopa kusema mbele ya rafiki yake mwenyewe. Watu waliotoka katika historia hii wasifanye ulimi kuwa biashara.

Kwa hiyo tujichunguze kwa maswali haya. Je, kati yangu na jirani kuna ugomvi wa shamba, wa mpaka wa kiwanja, wa mahari, wa deni? Kama upo, si mimi wa kupeleka neno lake, nimwachie mwingine. Nabothi aliuawa kwa mashahidi, na kiini cha mashitaka kilikuwa shamba la mizabibu. Je, nitapata sehemu ya amandi? Fedha ile ni ndugu wa vipande 30. Je, jirani yangu ni wa kabila lingine, au wa dini nyingine, na kama angekuwa mtoto wa mama yangu ningefanya hivi hivi? Je, ninafurahi ninapofikiri atakavyokamatwa? Mwenye kufurahi, arudi nyumbani akaombe kwanza.

VII. KAZI BAADA YA KUSEMA

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Wanafikiri kazi inaishia mlangoni pa kituo cha polisi. Hapana. Anayepeleka jina la jirani, amechukua mzigo wa jirani.

Aliyeshitaki awe wa kwanza kupeleka chakula kasho. Ahesabu saa 48, na zikipita aende na mzee kuuliza kwa nini mtu hajaachiwa wala kupelekwa parke. Akisikia kwamba jirani anapigwa au anadaiwa fedha bila karatasi, aende kwa wakubwa wa polisi akaseme kwa sauti ile ile aliyoitumia kushitaki. Atazame watoto waliobaki nyumbani wamekula nini. Kama huwezi kufanya haya, hukuwa tayari kushitaki.

Na kwa mgonjwa aliyewekwa kando, tukumbuke Hesabu 12. Miriamu alipatwa na ukoma, akafungiwa nje ya kambi siku saba. Amri ilifuatwa, hata kwa dada ya Musa. Lakini neno linalofuata ni tamu: watu hawakusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa ndani. Taifa zima lilingoja mwanamke mmoja aliyekosa, kisha akaugua. Basi kijiji kinachojua kumweka mtu kando kijue pia kumngoja, kumpelekea maji mpaka kwenye mpaka wa uzio, na kumpokea kwa wimbo siku anapotoka. Asiitwe jina la ugonjwa wake mpaka kufa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Doegi alisema kweli. Kosa lake lilikuwa wapi?
2. Mwana wa dada ya Paulo alifuata utaratibu gani? Tutaufuata namna gani katika kijiji chetu?
3. Reko wa kijiji chetu ni nani? Je, kila nyumba inamjua?
4. Amri ya kukaa nyumbani ikija kesho, nyumba gani za ushirika wetu zitakosa chakula siku ya tatu? Dikonia iandike majina yao leo.
5. Kijana wako amerudi kutoka machimboni usiku, ana homa na vipele, na anakuomba umfiche. Utamwambia nini, na utakwenda kwa nani kwanza?

HITIMISHO

Wapendwa, tukusanye somo kwa maneno machache. Kunyamaza si utakatifu, na kushitaki si utakatifu. Utakatifu ni kuihesabu damu ya jirani kama damu yako. Pale neno lako litakapookoa, sema, hata kama ni vigumu, hata kama ni juu ya mkubwa wako. Pale neno lako litakapouza mtu na ugonjwa ukabaki, lifungie kinywani, kisha chukua kikapu uende kwake. Mwenye kumwendea jirani kwanza, mara nyingi hatakuwa na haja ya kwenda polisi.

Bwana atupe macho ya kuona hatari mapema, miguu ya kwenda kwa jirani kabla ya kwenda kwa askari, na ulimi ambao siku ya mwisho hautadaiwa damu ya mtu. Amina.